Leseni, faragha na Ibara ya 16: ombi lako lisifie mlangoni

Nina duka la steshenari hapa Dodoma mjini. Mashine mbili za kutoa kopi, printa moja inayoanza kukohoa kila vumbi la Agosti likiingia, na meza ambayo kwa miaka kumi na tatu imepitisha hati za mahakama za kila namna. Mimi si wakili. Mimi nachapa. Lakini ukichapa maombi ya watu muda wote huo, ukawaona wakirudi na bahasha mkononi na sura imewashuka kwa sababu shauri limetupwa kabla hata halijasikilizwa, unajua yanafia wapi. Mengi hayafii kwenye Katiba. Yanafia ukurasa wa pili, kwa kosa ambalo mtu angelirekebisha kwa dakika kumi.

Haya naandika kwa ajili ya yule anayetaka kuipinga sheria au kanuni inayohusu leseni ya udereva na utambulisho wa mwenye leseni, kwa hoja kwamba inaingilia faragha yake inayolindwa na Ibara ya 16 ya Katiba. Ukimaliza kusoma bado utahitaji wakili. Ila utaenda kwake ukiwa na kitu mkononi, na nimeona mwenyewe jinsi bei inavyoshuka mteja akiingia na karatasi zilizopangika.

Leseni imefanya nini?

Mzee mmoja, dereva wa bajaji kutoka Nkuhungu, alinijia asubuhi na kurasa nne za kaunta buku zilizojaa mwandiko pande zote mbili. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: SHERIA YA LESENI INAINGILIA MAISHA YANGU.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nichapie hizi, naishtaki Serikali."

"Kwa kosa gani?"

"Leseni."

"Leseni imefanya nini, mzee?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Kurasa nne, na jibu la swali hilo halikuwamo.

Leseni ni kadi. Ikiwa imelala kwenye pochi haimwingilii mtu. Kinachoingilia ni kitendo, na kwenye leseni vitendo viko vinne: wewe unatoa taarifa zako unapoiomba, unaionyesha unapotakiwa, kuna mtu anazitunza taarifa hizo, na kuna mtu anazigawa kwa mwingine. Kutoa, kuonyesha, kutunza, kugawa. Andika maneno hayo manne kwenye karatasi, kisha tia alama kwenye lile linalokuuma. Ukitia alama kwenye yote manne, rudi nyumbani ukalale, uje kesho.

Kuonyesha ndiko kunakowakera watu zaidi, na ndiko kwenye hoja dhaifu kuliko zote. Kero naielewa. Mimi mwenyewe naendesha kirikuu, nabebea maboksi ya karatasi na wakati mwingine zabibu za shemeji yangu, na njia ya Bahi naijua: ukisimamishwa mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, unaanza kujiona mhalifu. Lakini leseni imetengenezwa ili ionyeshwe. Iko chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, na kazi yake ni kumthibitishia anayeuliza kwamba umeruhusiwa kuendesha chombo hicho. Ukiwaambia majaji hutaki kabisa kumwonyesha trafiki, watakuuliza basi uliichukulia nini.

Watu hupenda kuniambia kwamba Marekani mtu alishinda. Ni kweli, lakini sikiliza alishinda nini. Katika kesi ya Delaware v. Prouse ya mwaka 1979, askari alisimamisha gari bila kuona kosa lolote, akitaka tu kuangalia leseni na kadi ya gari, akakuta bangi. Mahakama ya Juu ya huko ikasema kusimamisha gari moja kwa kubahatisha, bila sababu ya kulishuku, hakukubaliki. Papo hapo wakaacha nafasi kwa kizuizi kinachosimamisha magari yote. Hakuna jaji aliyesema leseni isionyeshwe. Kilichoanguka ni namna ya kusimamisha. Tena wale walikuwa wanasoma Katiba yao, sehemu inayohusu upekuzi na ukamataji, na jaji wa Tanzania hafungwi nayo hata kidogo.

Kutoa kuko katikati. Mara ya mwisho nilipohuisha leseni yangu niliombwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, nikapigwa picha, nikaweka vidole. Namba ya NIDA ina tarakimu ishirini, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Maana yake kila unapoiandika mahali unamwachia mtu tarehe yako ya kuzaliwa bila yeye kuiomba. Hilo ni jambo la kusemwa mahakamani, ila peke yake halina nguvu sana, kwa sababu Serikali itajibu kwa urahisi: lazima tujue tunayempa leseni ndiye yeye, na si ndugu yake.

Penye nyama ni kutunza na kugawa. Mauritius walikuwa na mgogoro wa kitambulisho cha taifa chenye alama za vidole. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu yao ikaupasua vipande viwili: kuchukua alama za vidole, ikasema, kunaweza kuhalalishwa, kuzihifadhi kwenye kanzi data kwa namna ile ilivyokuwa, hapana. Umeona? Kidole kilekile, sheria ileile, kitendo kimoja kimepita na kingine kimekwama. Kenya nao, Januari 2020, Mahakama Kuu Nairobi iliruhusu Huduma Namba, mfumo wao wa namba moja ya utambulisho, iendelee, lakini ikaondoa ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali mtu anapoishi kwa GPS, na ikataka kwanza ziwepo kanuni za kutosha za kulinda taarifa. Aliyekwenda kupinga kitambulisho kizima alirudi na kipande, na kile kipande ndicho kilichokuwa na maana.

Sheria inakuumiza, au mtu?

Swali hili ndilo linaloua maombi mengi, kwa hiyo nivumilie nikae nalo kidogo.

Kuna jengo moja mjini hapa ambalo napeleka kazi. Getini kuna meza, na juu ya meza kuna daftari. Mlinzi anachukua leseni yako, anaandika jina, namba, simu, anakupa kadi ya mgeni. Siku moja nikiwa nasubiri kurudishiwa ya kwangu, nikasoma daftari. Si kwa nia mbaya, lilikuwa wazi mbele yangu. Kwa dakika mbili nilijua umri wa dada aliyenitangulia, namba yake ya simu, na kwamba jana yake alikuja saa kumi jioni na kutoka saa mbili usiku. Nilipogeuza ukurasa mlinzi hakushtuka. Niliporudi wiki iliyofuata daftari lilikuwa limejaa, la zamani limewekwa chini ya kiti kukizuia kisiyumbe.

Hiyo ni kero ya faragha kama ilivyo. Lakini haimo kwenye Sheria ya Usalama Barabarani. Hakuna kifungu kilichomwamuru mlinzi yule. Ukienda Mahakama Kuu kuomba sheria ya leseni itamkwe batili kwa sababu ya lile daftari, utaondoka mapema. Mahali pa kuanzia ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2022 ambayo ilianza kutumika Mei 2023. Kazi yao ni pamoja na kupokea malalamiko ya aina hiyo hiyo.

Na mzee wangu wa bajaji? Baada ya chai ya pili ndipo jambo lenyewe lilipotoka. Kuna mtu alipiga picha leseni yake barabarani, wakati wa ugomvi wa kugongana kidogo, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la madereva na maneno "tapeli huyu". Watu wakaanza kumpigia simu. Mkewe akapigiwa. Kurasa nne zote zilitoka hapo.

"Kwa hiyo Katiba hainihusu?" akaniuliza, amechukia.

"Inakuhusu, mzee. Ila aliyekukosea ni mtu mwenye simu, siyo Bunge."

Sheria inayoongoza mashauri haya ni ile ya mwaka 1994 ya utekelezaji wa haki za msingi na wajibu, Sura ya 3, ambayo mawakili wote wanaiita BRADEA hata wakiongea Kiswahili. Kifungu cha 8(2) kinaizuia Mahakama Kuu kutumia mamlaka yake pale ambapo kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu chini ya sheria nyingine, au pale ombi lilipo la upuuzi na usumbufu. Mawakili wa Serikali wanakijua kifungu hicho kama sala. Ndicho cha kwanza watakachokutupia kama pingamizi la awali, yaani hoja ya kulitupa shauri kabla halijasikilizwa. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu, jiulize: je, Tume ingeweza kulimaliza? Je, ni uamuzi wa ofisa mmoja ambao ungeupinga kwa maombi ya mapitio ya mahakama, yaani kuiomba Mahakama ichunguze kama ofisa huyo alifuata sheria? Mapitio yana dirisha dogo, unatakiwa uwe umeomba ruhusa ndani ya miezi sita, na nimeona watu wakilipitiliza dirisha hilo wakiwa bado wanabishana kwenye vijiwe.

Kama baada ya maswali hayo kilichobaki ni maneno ya sheria au kanuni yenyewe, sasa uko mahali pake. Yatafute maneno hayo. Usiseme "sheria ya leseni". Sema kifungu, kifungu kidogo, mstari. Ikiwa ni kanuni, andika na Tangazo la Serikali lililoichapisha, namba na mwaka. Hukumu unazipata bure kwenye tovuti ya TanzLII, huhitaji kumwomba mtu. Wakati mwingine utatafuta na kugundua kwamba kitendo kinachokuuma hakijaandikwa mahali popote, ni mazoea tu ya ofisi. Usikate tamaa hapo. Huo ni ugunduzi mkubwa, na nitaeleza kwa nini.

Ibara yenyewe

Ibara ya 16(1) ya Katiba ya 1977 inasema: "Kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake na unyumba wake, na pia heshima na hifadhi ya maskani yake na mawasiliano yake binafsi."

Isome tena polepole. Neno "taarifa" halimo. Wala "kitambulisho". Lazima uonyeshe njia: alama ya kidole ni sehemu ya nafsi, historia ya wapi ulisimamishwa na lini ni sehemu ya maisha binafsi. Nimechapa maombi yaliyorukia moja kwa moja kusema "haki yangu ya data" kana kwamba imeandikwa pale. Haijaandikwa. Jenga daraja, sentensi tatu zinatosha. Sheria ya 2022 inasaidia, maana yenyewe inaziweka taarifa za kibayometriki, kama alama za vidole, kwenye kundi la taarifa nyeti.

Kisha soma 16(2). Hiyo inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa sheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho faragha inaweza kuingiliwa. Hali, namna, kiasi. Sasa unaona kwa nini mazoea yasiyoandikwa ni hoja: kama ofisa anachukua au anagawa taarifa zako bila kifungu chochote nyuma yake, hana mwavuli wa 16(2). Na kama kifungu kipo lakini hakisemi taarifa zitatunzwa muda gani na nani ataziona, uliza "kiasi" kiko wapi.

Serikali itakujibu kwa Ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kuwekwa kwa ajili ya usalama, amani, haki za wengine na kadhalika. Jibu la jibu hilo limo kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ambayo Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1993 kuhusu sharti la kupata kibali cha Serikali kabla ya kuishtaki. Kwa maneno yangu ya dukani: sheria inayobana haki ya msingi lazima ivuke vizingiti viwili. Iwe halali kwa maana ya kutoacha uamuzi wa kiholela, yaani iwe na kinga ndani yake dhidi ya matumizi mabaya. Na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo lake. Nimeiona aya hiyo ikinukuliwa mara nyingi mpaka vidole vinaichapa vyenyewe. Nukuu wewe pia, lakini baada ya nukuu andika mambo yako, maana wengi huishia kwenye nukuu.

Kuhusu nani anathibitisha nini, beba kesi ya Julius Ndyanabo, ile iliyoondoa dhamana ya shilingi 5,000,000 kwa mtu anayetaka kupinga matokeo ya uchaguzi wa ubunge. Sheria inachukuliwa kuwa halali mpaka wewe uonyeshe vinginevyo. Ila Serikali ikijificha nyuma ya kifungu cha vizuizi, kama hiyo Ibara ya 30(2), mzigo wa kukihalalisha ni wake.

Je, lazima liwe limekugusa wewe? Hapa nina fahari ya nyumbani kidogo. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu hapa hapa Dodoma, Jaji Lugakingira aliamua kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, na moja ya mambo aliyoyafungua ni kwamba kwa Ibara ya 26(2) mtu anaweza kusimama kuitetea Katiba kwa maslahi ya umma bila kuonyesha jeraha lake binafsi. Baadaye, mwaka 2020, Bunge liliongeza kwenye BRADEA sharti kwamba kiapo kionyeshe jambo hilo limemgusa mwombaji mwenyewe kwa kiasi gani. Sharti hilo nalo lilipelekwa mahakamani kupingwa, kwa hiyo mwambie wakili akuangalizie limesimama wapi siku unayofungua. Ushauri wangu haubadiliki: andika lililokupata wewe, kwa mkono wako, hata kama unawasemea madereva wote wa Kanda ya Kati.

Kiapo si hotuba

Ombi hubebwa na hati ya kiapo. Hiki ndicho kitu ninachokijua kuliko vyote nilivyoandika hapa, kwa sababu ndicho ninachokirekebisha kila siku.

Aya mbaya nilizozoea kuletewa ni za aina hii: "Kwamba sheria hii kandamizi inavunja faragha yangu na ya Watanzania wote na naiomba Mahakama Tukufu iifute." Kuna makosa matatu ndani ya mstari mmoja. "Kandamizi" ni maoni. "Inavunja" ni hitimisho la kisheria, kazi ya majaji. "Naiomba" ni ombi, lina hati yake. Tangu kesi ya Matovu ya Uganda mwaka 1966 mahakama za Afrika Mashariki zinakataa viapo vyenye hoja, maoni na maombi. Kiapo ni cha mambo uliyoyaona, uliyoyasikia mwenyewe, uliyoyafanya.

Andika hivi: "Kwamba tarehe fulani nilikwenda ofisi fulani, Dodoma, kuhuisha leseni yangu. Nilitakiwa kuweka alama za vidole. Nilimuuliza mhudumu zitatunzwa wapi na kwa muda gani. Hakunijibu. Tarehe fulani niliandika barua kuuliza jambo hilo hilo. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa imeambatishwa, kiambatisho A1. Mpaka ninapoapa sijapata jibu."

Hakuna neno hata moja la hasira pale, na inauma kuliko kurasa nne za kaunta buku.

Umeona ile barua? Hiyo ndiyo kazi ya kufanya miezi kabla ya mahakama. Chapa nakala mbili. Peleka masjala ya ofisi husika, waachie moja, ya pili wagonge muhuri na waandike tarehe. Muhuri ukiwa hafifu omba wagonge tena. Kopi ya muhuri hafifu haitoki kitu, nakwambia kama mwenye mashine. Uliza mambo machache tu: ni taarifa zipi zangu mnazo, mnazitunza kwa kifungu gani, muda gani, mmempa nani. Wakijibu, jibu ni ushahidi. Wasipojibu, ukimya wao ni ushahidi, na pia umeonyesha kwamba ulijaribu njia nyingine kwanza.

Mwisho wa kiapo kuna aya ya uthibitisho, inayosema aya zipi unazijua mwenyewe na zipi umeambiwa na nani. Usiandike "yote niliyoyasema ni kweli kwa ufahamu wangu" wakati aya ya saba umeambiwa na wakili. Halafu kuna sehemu ya kuapishia, ambapo kamishna wa viapo anaandika mahali na tarehe. Hapa niseme kosa langu mwenyewe. Mwaka wa pili wa duka nilichapa kiapo cha mama mmoja, nikaacha nafasi ya tarehe wazi ijazwe kwa kalamu. Kamishna akasaini, akagonga muhuri, tarehe ikabaki wazi. Sheria inataka mahali na tarehe vionekane. Kiapo kikaondolewa na shauri likaondoka nacho. Yule mama hakunilaumu, alininyamazia tu, na tangu siku hiyo sitoi kiapo mlangoni bila kukiangalia sehemu hiyo kwa kidole.

Ombi lenyewe

Ombi ni fupi kuliko watu wanavyodhani. BRADEA, kifungu cha 6, inataka jina na anwani yako, jina na anwani ya unayemlalamikia, misingi ya ombi, ibara mahususi za Katiba unazotegemea kutoka zile za haki za msingi, maelezo ya tukio bila kumwaga ushahidi wote, na nafuu unayoomba. Ukiweka ibara saba kwa kutafuta bahati, zile tano dhaifu zitazivuta mbili nzuri chini. Kwa jambo la leseni na faragha, Ibara ya 16 inatosha kubeba. Ongeza nyingine kama tu una tukio lake.

Unayemlalamikia, ikiwa unapinga sheria, ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siyo Waziri kwa jina lake, siyo trafiki uliyegombana naye. Mashauri haya yanasikilizwa na majaji watatu. Hati zinafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, kwa hiyo skani ziwe safi, na tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, usiogope kuandika kwa lugha unayoota nayo.

Nafuu ndiyo sehemu ya kuwa mchoyo. Usiombe "leseni zifutwe". Omba maneno fulani ya kifungu fulani yatamkwe batili. Omba taarifa zilizokusanywa zaidi ya lazima zifutwe. Omba uwekwe ukomo wa muda wa kutunza. Na ujue tangu mwanzo kwamba Ibara ya 30(5) inairuhusu Mahakama, badala ya kuifuta sheria papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Ndivyo ilivyokuwa Mei 2024 kwenye kesi ya Tito Magoti: alipinga vifungu kadhaa vya hiyo hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Mahakama Kuu ikaona vichache havieleweki vizuri, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Vingine vilibaki kama vilivyo. Kama unatafuta fidia ya kusumbuliwa, hii siyo njia yake.

Wakati shauri linaendelea, leseni yako ibebe. Kuna kijana aliniambia ameacha kubeba ya kwake kwa msimamo. Msimamo wake ulimpa kesi ya pili, ya jinai, na safari hii yeye ndiye mshtakiwa.

Mzee wa Nkuhungu nilimchapia barua ya ukurasa mmoja kwenda Tume, na picha ya skrini ya lile kundi la WhatsApp kama kiambatisho, namba za watu wengine tumezifunika kwa kalamu nyeusi. Alilipa elfu mbili. Zile kurasa nne alizikunja akaziweka mfuko wa shati. Alisema bado ana maneno na Serikali.

Hukumu ikitoka na hukuridhika, kuna siku thelathini za kuwasilisha notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani. Ndani ya siku hizo hizo andika barua kwa msajili kuomba nakala za mwenendo wa shauri na hukumu, na nakala ya barua hiyo mpelekee upande wa pili, kwa sababu usipompelekea, siku zitakazopotea ukisubiri nakala hazitatolewa kwenye hesabu ya muda wako wa kukata rufaa. Barua hiyo ina mistari minne. Mimi huichapa siku ile ile ya hukumu, mteja akiwa bado amesimama mbele ya meza na joho la wakili wake liko mkononi, kabla hajapiga simu nyumbani.